Matairi Membamba na Theluji ya Septemba

Membamba, ndiyo. Upana wake shibiri moja, basi, lakini ukilisimamisha tairi lenyewe linakufika pajani. Unacheka? Hata sisi tulicheka. Siku Tšeliso aliporudi na matairi manne kutoka mnada wa jeshi, kijiji kizima tulitoka kuyatazama, na aliyecheka mpaka akakaa chini ni Seabata. "Ntate Tšeliso," akamwambia mbele za watu, kwa heshima ya kumwita baba, "hayo umenunua ya Landrova au ya baiskeli ya mama mkwe wako?" Tšeliso alikuwa mwanajeshi, hata alipostaafu hakuwa mtu wa kujibu. Aliyabiringisha moja moja mpaka nyuma ya banda lake la kuku, akayafunika turubai, yakakaa huko miaka miwili.

Sasa unaniuliza yalifikaje kwenye gari la Seabata. Yalifika kwa sababu ya theluji, na kwa sababu ya kondoo. Lakini zaidi yalifika kwa sababu ya mkwe wa Seabata, Malineo, na nikikusimulia bila kumtaja huyo nitakuwa mwongo, na umri huu wangu uongo wa nini.

*

Mwezi wa tisa huku kwetu mtu anaanza kujisahau. Mipichi imetoa maua, unaota jua ukutani, unadhani baridi imekwenda zake. Ndipo theluji ikaanguka siku mbili mfululizo. Hapa kijijini ilitufika magotini. Kule juu, kwenye kambi ya malisho, hatukujua ilifika wapi, maana simu hazishiki kule. Na aliyekuwa kule ni Motlatsi, mtoto wa kwanza wa Seabata, mume wa Malineo. Yuko peke yake na kondoo sitini na watatu.

Na kondoo wenyewe hawakuwa na manyoya. Hapo ndipo penyewe. Walikuwa wamenyolewa wiki moja kabla. Sisi tunajua, hunyoi mpaka theluji ya mwisho ipite, na theluji ya mwisho haina tarehe, inakuja ikitaka. Motlatsi alisema tungoje. Baba yake akasema lori la kuchukua sufu linakuja tarehe kumi na tano, sasa anayengoja atamuuzia nani, kunguru?

"Ntate, kukiharibika huko juu je?"

"Wewe ni mchungaji. Mwenye kondoo ni mimi."

Basi Motlatsi akanyoa wote, akawarudisha mlimani wako uchi kama vidole.

Asubuhi ya tatu mawingu yakafunguka. Seabata hakunywa hata uji. Aliwasha Landrova yake, kuukuu hiyo, yenye umri kumzidi mtoto wake wa pili, Lefa, ambaye alikuwa amekuja kutoka Maseru kusalimia akakwama na theluji. Lefa ndiye aliyelivika gari matairi ya mjini, mapana, na rimu zinazong'aa kama sufuria mpya. Wakapanda wawili, wakaondoka. Hawakufika mbali. Kwenye kile kimwinuko cha kanisa gari likaanza kwenda ubavu kama ng'ombe aliyelewa, magurudumu yanazunguka, lenyewe linarudi nyuma, mpaka likalala ukutani mwa makaburi. Mchungaji wa kanisa akatoa kichwa dirishani, akauliza, "Mnatangulia wapi?" Siku nyingine tungecheka.

Tukalitoa kwa makoleo, likarudi uani. Seabata akasimama pale na mkewe, Mamotlatsi. Malineo naye akatoka jikoni, kajifunga kitambaa kichwani na blanketi mabegani, akasimama nyuma ya mama mkwe wake.

Kwetu mke wa mtoto hamsemeshi baba mkwe. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, hasimami mbele yake bila blanketi mabegani. Akiwa na neno anampa mama mkwe, mama mkwe analipeleka. Hata kama mzee mwenyewe yuko hatua tatu.

"M'e," Malineo akamwambia mama mkwe, "mwambie Ntate matairi haya yanaelea. Yanapita juu ya theluji, hayaifikii ardhi."

Mamotlatsi akageuka. "Anasema yanaelea."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie gari halijui mambo ya jikoni."

"Anasema gari..."

"Nimesikia, M'e. Mwambie kisu kipana hakikati nyama. Mwambie nyuma ya banda la Ntate Tšeliso kuna matairi manne yanayokata."

Lefa akaguna. "Yale ya baiskeli?"

Seabata alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo kwa kucha, mahali ambapo hapakuwa na barafu. "Siendi kwa Tšeliso," akasema.

"M'e, basi mwambie nitapanda mimi kwa miguu. Mume wangu hawezi kulala kwenye theluji akingoja aibu za watu ziishe."

Hilo Mamotlatsi hakulipeleka. Halikuhitaji kupelekwa. Seabata akachukua kofia yake, akatoka.

*

Nami nilimtangulia kwa Tšeliso kwa njia ya mkato, kuomba makaa. Alikuwa anawapa kuku mahindi. Seabata akaingia, akavua kofia, akasimama na kipara chake kwenye baridi ile.

"Nani?" akauliza Tšeliso, na anamwona vizuri tu.

"Ni mimi. Seabata."

"Seabata yupi? Yule mchekeshaji?"

"Ntate, mtoto wangu yuko juu."

"Najua yuko juu. Hata mimi nimeamka nikatazama juu." Akarusha mahindi. "Lakini hebu cheka kidogo kwanza. Kuku wangu hawajakusikia siku nyingi."

Nikataka kusema neno, nikaona si langu. Seabata akajaribu. Haki ya Mungu alijaribu kucheka. Kikatoka kitu kama kikohozi, kikarudia, halafu uso ukamvurugika kabisa, akaufunika kwa ile kofia. Tšeliso akaacha mahindi yote yakamwagika mara moja. Nadhani alijuta palepale.

"Basi, basi, mzee mwenzangu. Shika turubai upande ule."

Tukafunua. Matairi yalikuwa mazima, na tyubu zake ndani zimepakwa poda, jeshini wanafundishwa hivyo.

"Bei gani?" Seabata akauliza, hamtazami.

"Mlete mtoto kwanza. Sasa sikiliza, Seabata. Haya ni marefu. Ukikata usukani mpaka mwisho yatagusa springi za mbele. Kuna bolti huko chini, moja kila upande, zinazouzuia usukani. Uzitoe nje kidogo kabla hujaondoka, usukani usifike mwisho. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Hakusikia kitu. Alikuwa anataka kutoka tu machoni pa yule mtu. Mimi nilisikia, lakini mimi bolti ya usukani naijulia wapi? Nilidhani anajua. Kosa hilo nalo nalibeba, ni langu.

*

Unadhani kuvalisha tairi ni kazi ndogo. Kwanza zile rimu za Lefa hazikufaa, pana mno kwa tairi la shibiri moja. Rimu za zamani za gari ziko wapi? Ziko juu ya bati la choo, zinazuia lisipeperuke. Malineo ndiye aliyepanda kuzishusha, huku Mamotlatsi anashika ngazi na kumlaani kila mtu aliyewahi kwenda mjini.

Tukapiga jeki. Tukakwangua kutu kwenye rimu kwa jiwe. Mamotlatsi akaleta maji ya moto na sabuni ya kufulia, tukapaka ukingo wa tairi liteleze. Seabata na Lefa wakashika vyuma, huyu anakandamiza kwa mguu huku, yule anakunjua kule, tyubu ndani isije ikabanwa ikapasuka. Vidole vilikuwa havisikii. Lefa alijigonga kidole, akatukana, akamwomba mama yake radhi, akajigonga tena.

"Polepole," Mamotlatsi akasema.

"M'e, polepole na nani? Kaka yangu yuko juu na kondoo uchi."

Ni hapo mkono wa Seabata ulipoteleza. Niliona. Neno lile lilimpata.

Upepo tulijaza kwa pampu ya mguu, tukipokezana, mimi na mapafu yangu haya. Malineo alipiga nyingi kuliko sisi sote, anahesabu midomoni. Tairi la mwisho lilipokaa sawa tukashusha jeki, gari likasimama. Lilikuwa refu! Limeinuka kama fahali aliyeazima miguu ya korongo. Lefa akalitazama, akatazama matairi yake ya mjini yaliyolala kwenye matope.

Tukapakia majani ya kondoo, makoleo, kamba, chupa ya chai. Mimi nikapanda nyuma. Malineo naye akapanda nyuma.

Mwanamke haendi kambi ya malisho. Hata wewe unajua. Seabata akashika mlango wa dereva, akamwambia mkewe, "Mwambie ashuke."

Mamotlatsi akajifuta mikono kwenye sketi. "Mwambie mwenyewe. Mimi leo si mdomo wa mtu."

Seabata akasimama. Akaangalia usukani. Akapanda, akawasha gari, tukaondoka na Malineo wetu.

*

Pale kanisani gari lilipita kama halipajui. Nakwambia matairi yale yalizama kwenye theluji, yakazama, mpaka nikadhani tunakwama, halafu nikasikia sauti imebadilika, krr krr krr, mawe! Yameshika ardhi. Nyuma yetu tukaacha mistari miwili myeusi, kama mtu kaandika kwa makaa kwenye shuka. Lefa akapiga kelele mbele huko, akapiga dashibodi ya gari kwa kiganja. Seabata hakupiga kelele. Alikuwa kaukumbatia usukani.

Kona ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu pia. Zilikuwa kona za upole, hazikuhitaji usukani wote.

Ya nne siyo ya upole. Njia inajikunja kama kiwiko, mlima uko kushoto, na kulia hakuna kitu, kuna hewa, halafu chini huko kuna mto. Seabata akatia gia ndogo ya kupandia mlima, akakata usukani wote kushoto, mpaka mwisho. Likalia tairi. Si krr ya mawe, ilikuwa kelele ya kitu kinachoumizwa, na harufu ya mpira ukiungua ikaja mpaka nyuma. Tairi limebana kwenye springi. Gari likatetemeka, likazima.

Halafu likaanza kurudi.

Breki alizikanyaga, nilimsikia akizikanyaga, lakini magurudumu yalikuwa yamefungwa na bado gari linateleza, polepole, polepole kabisa, kama mtu anayekwenda kulala. Kwenda upande wa hewa. Lefa akafungua mlango akaufunga tena. Mimi nikashika chuma cha turubai nikaanza "Baba yetu uliye..." na hapo nikasahau inayofuata, sala niliyoisoma miaka sitini.

Malineo aliruka. Akaanguka, akainuka, akapapasa jiwe, mawe yote yako chini ya theluji. Hakukuwa na wakati. Akachomoa pini kubwa ya kifuani, akalivua blanketi lake, lile la harusi, zito, lenye michoro ya mahindi, akalikunja na kulisukumiza chini ya gurudumu la nyuma la kulia. Gurudumu likalipanda, likalikanyaga, likasimama.

Injini inadondosha maji tu.

Akaja mpaka dirisha la dereva. Mabega wazi, gauni tu, kitambaa kichwani kimelegea. Akamtazama baba mkwe wake usoni.

"Ntate," akasema. "Rudisha usukani kidogo."

Seabata anautazama mto.

"Nitazame mimi. Usiutazame mto. Rudisha usukani kidogo, tairi litoke kwenye springi. Kidogo! Sasa washa. Tutaipita kona mara mbili, tatu, hutaikata mara moja. Mimi niko nyuma, nikisema acha, unaacha."

"Utaanguka," akasema Seabata. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu aolewe.

"Nikianguka hutanisikia nikisema acha. Basi utajua."

Akaenda nyuma, akasimama na mgongo wake kwenye lile shimo, kaitanua mikono. Mimi na Lefa tukashuka tukaweka koleo chini ya gurudumu jingine. "Njoo," akasema. Gari likarudi kiasi cha kiganja. "Njoo. Njoo. Acha!" Mbele. "Acha!" Nyuma. "Njoo. Njoo kidogo. Acha, acha!" Pua ya gari ikageuka, ikageuka, mara ya nne ikaangalia mlima.

Tulipofika mahali pa sawa, Lefa akalala chali kwenye theluji na spana, akaingia chini. "Zipo bolti huku," akasema. "Kumbe zipo."

"Tšeliso aliniambia," Seabata akasema.

Hakuna aliyeuliza kwa nini basi.

Seabata akashuka, akavua blanketi lake mwenyewe. Akaninyooshea mimi. "Mpe."

"Nimeshika koleo," nikasema.

"Weka chini."

"Ntate, nimeshika koleo."

Akabaki nalo mkononi. Halafu akaenda akamfunika nalo mabegani, bila kumgusa, kama mtu anayefunika chombo kisivunjike, akarudi upesi kwenye gari.

*

Kambini tuliona kwanza vile vichuguu. Vichuguu vyeupe ndani ya boma la mawe na nje yake, vingi, vimelala vinaelekea upande mmoja, kule kondoo walikoupa upepo mgongo. Sikuhesabu. Seabata alihesabu, niliona midomo yake.

Kibanda cha mawe kilikuwa kimefunikwa mpaka nusu ya mlango. Malineo akachimba kwa mikono, hakungoja koleo. Mlango ulipofunguka ikatoka joto na uvundo na macho. Kondoo. Wamejaa kibanda kile kama maharage kwenye gunia, kumi na mmoja, na katikati yao, chini, Motlatsi. Kawalalia, nao wamemlalia. Vidole vyake vimekuwa vyeupe kama mshumaa. Lakini macho yanacheza.

"Malineo," akasema. "Wewe umekuja na nani?"

"Na matairi ya Ntate Tšeliso."

Akajaribu kucheka, midomo ikapasuka. Malineo akachukua ile mikono akaiingiza kwapani mwake, akakaa nayo hivyo.

Seabata akainama mlangoni. "Motlatsi."

Motlatsi alimtazama. "Niliingiza walioenea," akasema. "Waliobaki nje walilia mpaka jana asubuhi. Halafu wakaacha." Akageuza uso. "Kondoo wako wako nje, Ntate."

Seabata akarudi nyuma, akaenda kusimama kwenye boma. Ni Lefa na mimi tuliowapakia wale kumi na mmoja, na mizoga michache kwa kamba juu ya turubai. Kushuka, kona ile ya nne tuliipita kwa mara mbili, na Malineo hakuhitaji kushuka. Seabata mwenyewe aliguna, "Acha," akasimamisha, akarudi, akapita.

*

Jua halijazama tulikuwa nyumbani. Mamotlatsi alimshika mwanawe kichwa, akamnusa kama mtoto mchanga, kisha akaanza kumgombeza kuhusu soksi. Vidole alivitia kwenye maji ya vuguvugu, Motlatsi akalia kwa maumivu, na muuguzi aliyekuja kutoka zahanati akasema viwili labda vitakatwa, vingine vitapona.

Nyama ikapikwa, nyingi, maana ilikuwepo. Ugali ukasongwa, mboga zikachemshwa. Lakini hakuna aliyekaa. Mamotlatsi kasimama na mwiko. Lefa kasimama mlangoni. Mimi nimesimama kwa sababu mgeni hakai wenyeji wakisimama. Motlatsi kalazwa kwenye ngozi, mikono imefungwa vitambaa, anatazama ukuta. Na nje huko tunamsikia Seabata analizunguka gari, anapiga teke tairi moja, anakwenda jingine.

"Mwache ale huko," Motlatsi akasema.

Malineo akaweka bakuli chini, akatoka. Blanketi la mzee bado liko mabegani mwake. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia yote.

"Ntate, chakula."

"Kuleni."

"Hakuna anayekula. M'e kasimama. Lefa kasimama. Yule jirani yetu ana njaa mpaka anamtazama mbwa vibaya."

Teke moja tena.

"Amesemaje?" Seabata akauliza.

"Amesema kondoo ni wako."

"Ni kweli."

"Basi njoo uwale."

Akaingia. Akavua kofia mlangoni, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kiti chake kiko palepale, akakipita, akaketi chini, sakafuni, pembeni ya ngozi ya mwanawe. Akavuta bakuli. Akamega ugali, akaubonyeza, akachovya, akaweka kipande cha nyama juu yake, akakipeleka mdomoni mwa Motlatsi. Mkono ule ukakaa pale hewani. Sijui kwa muda gani. Mchuzi ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko cha mkono, hakuushusha.

Motlatsi akafungua mdomo. Akatafuna. Alitafuna muda mrefu, yule mtoto.

"Ngumu," akasema. "Ni yupi huyu?"

"Yule mwenye sikio lililopasuka," akasema Seabata.

"Alikuwa mkorofi."

"Alikuwa mkorofi sana. Alikuponyoka akaruka ukuta mara mbili, mwaka ule wa ukame."

"Mara tatu," akasema Motlatsi.

"Mara tatu," akakubali baba yake, akamega tonge jingine.

Hapo Mamotlatsi akaweka mwiko chini, akakusanya sketi yake, akakaa. Malineo akakaa. Lefa akafunga mlango, akakaa. Nami nikakaa, tukanawa, tukala.